Bakuli la Mtu Mmoja

Jirani yangu hapa Voi anafuga nyuki, na akianza kuyeyusha nta mimi hufunga madirisha. Yeye hudhani naogopa nyuki. Nimemwacha adhani hivyo, maana ni vigumu kumweleza mtu mzima mwenzako kwamba harufu anayoipenda yeye, wewe inakuliza. Ngoja niwaeleze nyinyi.

Baba yangu alikuwa mkereza wa mabakuli ya mti. Kazi hiyo alijifunza Mombasa ujanani, akarudi nayo kwetu Mbololo. Kerezo lake lilikuwa nyuma ya nyumba: nguzo mbili fupi zilizoshika gogo katikati, na mkanda wa ngozi uliozungushwa kwenye gogo hilo. Mtu mmoja alivuta mkanda huku na huku, gogo likazunguka, baba akaegemeza patasi yake na maranda yakamwagika miguuni. Mvutaji alikuwa dada yangu mkubwa, Wakesho. Alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo usiojua kunyamaza. Yeye na baba walitaniana kutwa nzima kwenye vumbi lile, hadi mama akalalamika kwamba ile si kazi tena, ni harusi.

Kitu kimoja baba hakukivumilia: mti wenye ufa. Akiona ufa, hata mwembamba kama unywele, gogo lilikwenda jikoni. Tulipikia kuni ambazo majirani wangezifanya viti. "Siuzi aibu," alikuwa akisema, naye alikuwa mtu wa kujivuna kidogo, Mungu amlaze pema.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, Wakesho alianza kukohoa. Tulidhani ni vumbi la maranda. Alipoanza kukonda, baba alimshusha Voi kwa dresa wa zahanati, akaambiwa ni ugonjwa wa kifua na wasubiri nafasi ya kitanda hospitali. Sisi wadogo hatukuambiwa kitu. Niliona tu kwamba wazazi walinong'ona jikoni, na kesho yake baba akachomoa kwenye rundo la kuni gogo la mringaringa lenye ufa wa kuingiza kucha, akalifunga kwenye kerezo. Mimi nilicheka. Safari hii mama ndiye aliyevuta mkanda. Wakesho aliketi juani, amejifunika leso, akitazama.

Baba alianza bakuli kubwa, kama mabakuli yake yote. Ufa ukamfuata. Akapunguza ukingo, ufa ukawa umeingia ndani zaidi, akapunguza tena. Kila mara alisimama akasema kwa sauti ya kusikika hata ng'ambo ya bonde, "Mnaona huu mti ulivyo mkaidi?" Mwishowe kilichobaki kilitosha viganja viwili tu. Ufa kidogo ulikuwa bado ukingoni, akauziba kwa nta ya nyuki aliyoipasha moto, na nyumba nzima ikanukia.

"Sasa hili limekuwa la mtu mmoja," alisema. "Ufa umeumaliza mti. Wakesho, wewe ndiye mkubwa, chukua hili, liwe lako la kulia chakula."

Wakesho aliligeuzageuza, akapitisha kidole juu ya nta. "Baba, huu mti umekushinda kweli," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Asante. Nitakula kama mgeni."

Ni lazima mjue kwamba kwetu chakula kilikuwa bakuli moja na mikono yote ndani. Kimanga, chakula chetu cha muhogo na maharagwe, kilipondwa, kikawekwa katikati, tukakizunguka. Aliyekula peke yake alikuwa mgeni, au mtu aliyekosana na wenzake. Kumtoa mtoto kwenye bakuli ni kumwambia amekuwa mtu wa nje.

Tangu siku ile Wakesho alikula karibu na mlango, uso ukielekea uwanjani. Mimi nililionea wivu lile bakuli dogo. Jioni moja nilipeleka mkono nichovye, naye akanipiga kibao, yeye aliyekuwa akinichagulia maharagwe laini tangu nikiwa mdogo.

"Kula na wenzako," alisema bila kunitazama. "Hili ni la mti mbovu, litakuumiza tumbo."

Nililia, na mama, ambaye kwa kawaida angetuamua, aliendelea kula huku machozi yakimtoka. Nilidhani analia kwa ajili yangu.

Kitanda hakikupatikana. Wakesho alifariki mvua za masika zikinyesha, tukamzika kwenye tope. Baadaye baba alichoma vitu vyake kama alivyoagizwa na dresa ili tusiambukizwe: mkeka, leso, na lile bakuli. Nta ndiyo iliyotangulia kuyeyuka. Ilidondoka motoni, na ile harufu ikatoka tena, tamu, kama siku bakuli lilipotengenezwa. Baba alilia kwa sauti mbele yetu sote. Hakukereza tena. Alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na kerezo likaoza pale pale nyuma ya nyumba.

Nilikuwa mama wa watoto tulipomzika yeye mwenyewe. Tulipokuwa tukisafisha dari la jikoni, nilikuta magogo ya mringaringa, meusi kwa moshi, ncha zake zimepakwa samadi ya ng'ombe ili yakauke bila kupasuka. Nikaifuta samadi kwa kitambaa. Hayakuwa na ufa hata mmoja.

"Mama, haya ni ya lini?"

"Ya zamani," alisema. "Aliyapandisha Wakesho, kabla hajaugua. Hata hiyo samadi alipaka yeye."

Niliketi chini pale pale kwenye majivu. Baba alikuwa na mti mzima juu ya vichwa vyetu wakati wote ule. Alichukua mbovu ili ufa ndio umtoe mwanawe kwenye bakuli letu, asiwe yeye. Na Wakesho, aliyeketi juani akitazama, alijua vizuri kilichokuwa darini. Alijua, na bado akamwambia baba kwamba mti umemshinda. Hakuwa na pumzi ya kuvuta mkanda siku ile, lakini ile kazi waliifanya wawili, kama kawaida yao.