Mahindi Mbele ya Mlima

Kamera ile haikuwa ya mtu kama mimi. Ilikuwa na uzito wa jogoo aliyelishwa vizuri, ilitaka stendi ya miguu mitatu, ilitaka nipime mwanga kwa mita, nisubiri, nipime tena, na baada ya hayo yote ilinipa picha kumi tu kwa filamu moja. Nami kukaa siwezi. Hata kanisani huwa nasimama nyuma karibu na mlango. Lakini negativu yake ilikuwa kubwa kama kiganja cha mtoto, na picha ikikuzwa hadi ukubwa wa meza, jani la mbali kabisa linabaki jani. Niliinunua kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, nikaipeleka studio yangu ya Kitale, ambako kazi ilikuwa picha za vitambulisho asubuhi hadi jioni. Nyuso, nyuso, nyuso. Nilikuwa nimezichoka.

Ndipo mchapishaji mmoja wa kalenda aliponiambia kwamba nikimletea mandhari safi ya mlima Elgon na mashamba, ataitazama. Aliahidi kuitazama tu, lakini mimi usingizi uliniruka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ndalu kwa shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu tunamwita Senje. Alikuwa mjane, analea wajukuu wanne kwa shamba moja la mahindi. Mavuno yalikuwa yameanza. Mabua yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu, mahindi yakiwa bado ndani, yakauke kwa jua na upepo wiki tatu hivi kabla ya kumenywa. Mafungu yalijipanga kutoka boma hadi mtoni, na nyuma yake mlima mzima, wazi, wa samawati. Nilizunguka shamba kama mtu aliyepoteza ufunguo, nikachuchumaa, nikapanda juu ya kichuguu. Senje alikuja nyuma yangu akiniuliza kama ni mzima. Nilimwambia nitarudi Jumamosi na kamera kubwa, nataka kuupata mlima vizuri kutoka shambani kwake. Aliuliza kama shamba nalo litaonekana. Nikamjibu litaonekana lote, hata punje iliyoanguka chini, na Kenya nzima italitundika ukutani. Hayo nilimwambia nikiwa tayari nimempa mgongo, natafuta njia ya kurudi. Chai yake niliiacha mezani.

Wiki ile sikutulia. Kila asubuhi nilipanda juu ya tangi la maji la jirani pale mtaani kwetu Kibomet kuangalia kama mlima uko wazi. Wateja niliwapiga picha macho yakiwa yamefumbwa, wakarudi kulalamika, nikawapiga tena, wakafumba tena. Mke wangu alisema afadhali nihamie huko kwa huo mlima.

Jumamosi nilifika Ndalu jua ndio linachomoza. Mlima ulikuwa wazi kuliko Jumapili. Shamba lilikuwa jeupe. Hakukuwa na fungu hata moja. Visiki vya mabua vilikuwa vimeng'olewa na ardhi kufagiwa, naam, shamba zima lilikuwa limefagiwa kwa ufagio. Katikati yake alisimama Senje na gauni lake la ushirika wa akina mama, wajukuu wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na majirani watatu wamevaa makoti.

Nilimuuliza mahindi yako wapi. Alinionyesha maturubai kando ya nyumba.

"Si wewe ulisema unataka mlima?" alisema. "Hii mahindi ilikuwa inakufunikia. Tukatoa. Na mtu hawezi kupigwa picha kwa uchafu bana, watu watasema nini?"

Walikuwa wameifanya kazi hiyo siku nne, majirani wakisaidia. Kwetu picha inaandaliwa kama mgeni. Ua unafagiwa, watoto wanaogeshwa, kinachokaa vibaya kinaondolewa. Mimi nimekulia humo, ningepaswa kujua. Badala yake nilikasirika. Sikumtukana, lakini nilifungua miguu ya stendi kwa kelele ili ajue. Niliwapiga picha mbili, wakiwa wamenyooka na mikono ubavuni, kisha nikabeba mzigo wangu nikakimbilia shamba la jirani ambako mafungu yalikuwa bado yamesimama. Nane zilizobaki nilizimaliza kwa pupa, mawingu yakiushukia mlima. Kuku ambaye Senje alinichinjia nilimla nimesimama.

Mvua ilianza siku iliyofuata, ikanyesha karibu wiki. Niliisafisha filamu katika chumba changu cha giza. Zile nane zote zilikuwa zimetikisika, kwa sababu sikukaza stendi. Zile mbili za familia zilikuwa kali kiasi cha kutisha. Nilikuza moja, nikainamia kwa kioo cha kukuzia. Niliona vifungo vya makoti. Niliona mshono uliofumuka begani kwa Senje. Kisha nikahamia nyuma yao, kwenye maturubai. Maganda yalikuwa bado yana unyevu, yamekunjamana, hayajakauka hata kidogo. Mahindi yale yalikuwa yamebakiza wiki mbili za jua. Jumamosi ile nilipita kando yake mara mbili, na sikuyatazama. Niliona aibu peke yangu mle gizani.

Nilirudi Ndalu na picha ile kubwa, nimeikunja ndani ya nailoni. Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Mahindi yalikuwa yamejaa jikoni, juu ya dari la moshi, chini ya vitanda. Wajukuu walikuwa wakichambua, mazima upande huu, yenye kuvu upande ule, na rundo la kuvu lilikuwa kubwa zaidi. Hicho kilikuwa chakula chao cha mwaka.

Senje alifuta mikono, akaitaka picha kwanza. Aliiangalia muda mrefu. Alicheka kuona jinsi jirani mmoja alivyojikaza. Alisema mlima umetoka vizuri. Kisha kidole chake kikaenda taratibu hadi kwenye maturubai, kikabaki hapo.

"Sasa hao watu wa Kenya wakiona," aliuliza kwa sauti ya chini, "wanaweza kujua hii mahindi nilitoa kama haijakauka?"

Nilimwambia hawawezi, Senje, hapo ni mbali, haionekani. Alishusha pumzi, akaenda kutafuta msumari. Mimi nikavuta beseni, nikaketi chini kati ya watoto, nikaanza kuchambua.