Doa la Waridi kwenye Shati ya Bwana Yangu

Wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, sabuni ilianza kukosekana madukani, nikawa napika yangu nyumbani, mtaa wa Katuba, kwa mafuta ya mawese na soda kali ya kutengenezea sabuni. Ilibabua mikono, lakini nguo zilitakata.

Bwana yangu alikuwa msaidizi wa mwalimu wa kemia katika sekondari moja mjini. Mwalimu mwenyewe alikuwa mamuzeli, msichana wa Kizungu aliyefika karibuni, na hakukauka mdomoni mwa bwana yangu. Mamuzeli amesema hivi, mamuzeli amecheka vile. Mimi nilizidi kusonga bukari, ugali wetu.

Siku moja nilikuwa nafua shati yake nyeupe. Nilipoipaka sabuni, kifuani likachomoza doa la rangi ya waridi, kama alama ya midomo iliyopakwa rangi. Niliiacha ndani ya beseni, sikupika, nikamngoja.

"Baba ya batoto, hii iko nini?"

Akaangalia, akacheka. "Iko dawa ya kazi, mama. Ilinirukia. Haina rangi mpaka ikutane na soda, na sabuni yako iko na soda mingi."

"Mimi niko mutoto wa kudanganya?"

Alikata ndimu, akaikamua juu ya doa. Rangi ikafifia, ikaisha mbele ya macho yangu. Akaeleza kwamba uchachu wa ndimu na ukali wa soda vikikutana vinamalizana, inabaki chumvi na maji. Shuleni wanadondosha soda ndani ya siki, tone kwa tone, na dawa ile ikigeuka waridi wanajua uchachu umekwisha.

Kuhusu doa nilimwamini. Lakini aliposema "tone kwa tone" alitabasamu, na nilijua hayo ni maneno ya nani. Wivu ukanikaba kuliko mwanzo. Midomo ningeigombania. Akili ningeigombania namna gani?

"Unifundishe," nikamwambia.

Kesho yake alileta dawa kidogo ndani ya chupa. Nilikamulia ndimu kwenye glasi, nikatia dawa, nikaanza kudondosha maji ya soda kali. Nikamwaga mengi mara moja, glasi nzima ikawa waridi kali.

"Umepitisha kipimo," akasema. "Mamuzeli hapitishi."

Nilirudia mpaka ndimu zikaisha nyumbani.

Baadaye mapigano yakaingia mjini, na mamuzeli akarudi kwao bila kuaga. Jioni ile bwana yangu alimega bukari kidogo tu, akasukuma sahani. Mimi nilikula mpaka nikashiba.