Hotuba Iliyokatika Mbele ya Wakwe

Sifa na shukrani kwa Mungu, aliyenipa miaka mingi na kuniachia meno machache, na ambaye hakuruhusu aibu imuue mtu, kwa maana kama aibu ingekuwa inaua, mimi ningezikwa siku ya mahari ya Baraka kule Mapendo, na wakwe wenyewe ndio wangebeba jeneza.

Baraka ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alimpenda Kavira, binti wa Papa Kasereka, na Papa Kasereka ni mtu wa maneno machache na masharti mengi. Wajumbe wa kwanza tuliowatuma walijisifu sana mbele yake, akawarudisha, akisema kwamba kama ukoo wetu hauna hata mtu mmoja anayejua kusema, binti yake hataingia katika nyumba ya namna hiyo. Tulete msemaji wa kweli, mara moja tu, la sivyo tuache. Wote wakanigeukia mimi. (Mimi ni mkatekista wa siku nyingi, ninaweza kuwaeleza watoto wa komunyo ya kwanza fumbo la Utatu, lakini kuomba binti wa watu ni jambo lingine.)

Ilinipasa nipige magoti na kutafuta maneno yangu mwenyewe. Badala yake nilifungua telefone, nikakuta tovuti moja ya Kifaransa inayouza hotuba za kila tukio, unasoma mistari michache halafu ukuta unashuka na kukuambia ulipe kwanza. Nikamwonyesha binti yangu Esperance, anayefanya kazi katika ofisi moja huko Himbi, naye bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaniambia nisilipe, kwa sababu tovuti hizo huacha ndani ya telefone alama ndogo zinazoitwa kuki, na alama hizo ndizo zinazoikumbusha tovuti kwamba jana ulikuja ukasoma. Ukizifunga kwenye mipangilio, basi inakusahau.

"Haitakujua tena, papa. Kila siku itakupokea kama mugeni wa kwanza."

Nilimuuliza kama huo si wizi. Akasema kila mutu anafanya. (Hilo ndilo jibu ninalowakataza watoto kulitoa katika katekisimu, na siku ile nililipokea kama neno la Injili.)

Akafunga kuki, na kweli ukuta haukuonekana tena. Tovuti ilinikaribisha kwa heshima kubwa ikanipa zawadi ya wageni wapya, hotuba yenye kichwa "Maneno ya ujumbe unaofika kwa watu." Nikajaribu kuchagua nyingine, ikanikaribisha upya na kunipa ile ile, nikarudi kesho yake, ile ile, kwa kuwa kila mara nilikuwa mgeni mpya na mgeni mpya ana zawadi yake. Nikasema basi, Mungu ndiye aliyenichagulia. Na ilikuwa tamu. Ilisema tumetoka mbali, vumbi la njia liko kwenye viatu vyetu, mioyo yetu imetutangulia kubisha mlangoni, kisha ikaisha hivi: "Na sababu kubwa iliyotuleta mbele yenu leo ni..." Nukta tatu, basi. Kwa vile ukuta haukuwepo, sikufikiri kwamba kuna kitu kimebaki nyuma yake. Niliamini huo ndio ufundi wa wasemaji wakubwa, kuliacha neno linaning'inia ili wasikilizaji walimalize wenyewe moyoni. Nikaitafsiri, nikaishika kichwani, nikaisema mbele ya mke wangu, naye akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia hajui mambo hayo.

Siku ya mahari tulikuta shitingi, lile turubai la plastiki, imetandazwa juu kuzuia jua, viti vimepangwa pande mbili, Papa Kasereka katikati. Kwa desturi msemaji wa wenye nyumba ndiye anayetangulia kuwakaribisha wageni, na msemaji wao alikuwa Muzee Muhindo, jirani yao. Akasimama, akavuta koti lake, akasema:

"Tumetoka mbali, ndugu zetu. Vumbi la njia liko kwenye viatu vyetu."

Watu wakatazama viatu vyake. Muzee Muhindo anakaa nyuma ya ukuta wa kiwanja kile kile, na alikuwa amefika na sandali baada ya kumaliza chai yake. Lakini mimi nilijua tayari linalofuata. Akaendelea mpaka mioyo iliyotangulia kubisha mlangoni (watu wakajiuliza mlango gani, na nyumba ndiyo hii), akafika kwenye "sababu kubwa iliyotuleta mbele yenu leo ni," akakaa chini. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama muzee amemeza dawa zake.

Ikawa zamu yangu. Nilitafuta maneno mengine, kichwa kikawa kitupu kama kanisa siku ya Jumatatu, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Tumetoka mbali, ndugu zetu." Nikasikia wasichana wanacheka. Nilipofika kwenye viatu, ndugu wa Papa Kasereka akasema kwa sauti kwamba ninamuiga muzee wao kwa dharau. Nilitaka kukomea hapo, lakini kitu ulichokishika kichwani ni kama lori lisilo na breki kwenye mteremko wa Kabasha, nikashuka nacho mpaka chini, "iliyotuleta mbele yenu leo ni," nami nikaketi.

Papa Kasereka akainama mbele. "Ni nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Muzee, ninauliza. Sababu iliyowaleta ni nini?"

Kila mtu pale aliijua, hata wapishi nyuma ya nyumba, ila hotuba yangu ilikuwa imeishia pale. Papa Kasereka akasema polepole kwamba tumemdharau msemaji wake ndani ya kiwanja chake, na wageni wasiojua kilichowaleta inafaa wasindikizwe mpaka kwenye njia. Akaanza kuinuka. Nikamtazama Baraka, midomo yake inatikisika, nadhani alikuwa anasali. Kavira alikuwa mlangoni, amejifunika macho kwa kitenge.

Hapo nikasema yote: tovuti, ukuta, kuki, na jinsi nilivyojifanya mgeni kila siku ili nisilipe. Nikasema kosa ni langu peke yangu. Muzee Muhindo sikumtazama, nilikuwa nimeamua abaki na heshima yake mbele ya majirani.

Akakohoa, akasimama.

"Kasereka, huyu mukatekista asibebe mzigo peke yake. Na mimi nilifunga zile kuki. Hotuba ya wenye nyumba ilikuwa ya kulipia, nikashika hii ya bure."

Kiwanja kizima kikalipuka kwa kicheko, mama mmoja akaanguka pamoja na kiti chake. Papa Kasereka alijikaza, lakini mabega yalimsaliti. Alipotulia akaniuliza tena, nikamjibu bila hotuba yoyote: "Baraka anamupenda Kavira. Tumekuja kumuomba." Kavira akaitwa, akasema ndiyo kabla baba yake hajamaliza swali.

Lakini msemaji akikosea hutozwa faini, na sisi tulikuwa tunangoja kuambiwa tulete mbuzi. Papa Kasereka akakataa mbuzi.

"Nyinyi wazee wawili, mwende mulipe ile site, na muniletee maneno yaliyobakia. Ninataka kujua hao watu walitoka mbali kwa sababu gani."

Basi tukakaa mimi na Muzee Muhindo kwenye benchi moja, tukazifungulia kuki, tukalipa, na neno lililokuwa linaning'inia likajitokeza. Sababu kubwa iliyowaleta wale watu ilikuwa kuomba msamaha, kwa kuwa mbuzi wao waliingia katika shamba la jirani wakala maharagwe yote.

Tulimpelekea. Alisoma, akamwita mke wake, akasoma tena kwa sauti. Harusi ilifungwa vizuri, Mungu ashukuriwe, lakini mpaka leo mkwe wangu huyo hanisalimii kabla ya kuuliza hali ya mbuzi. Nami nimeapa: nikikuta ukuta nitalipa, au nitarudi nyumbani, na nikitumwa kusemea watu, nitapiga magoti kwanza, halafu nitaanza na lile lililonileta.

Wewe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akubariki, akulindie nyumba yako na wote wanaokula mezani pako, na watoto wako wakipenda, wapendwe. Amina.