Dume Hulamba Chumvi Kwanza

Nakumbuka Jumamosi niliyokunywa maji hadi yakanilevya. Usicheke, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu: mimi niko kidato cha tatu, nina ndevu nne, na wewe wa kidato cha kwanza bado unanukia sabuni ya mama.

Shule ilitafuta mkimbiaji mmoja wa kwenda Mugumu kwenye mashindano ya wilaya, na mimi nilishajitangaza. Asubuhi nikalikumbuka dume letu la ng'ombe: hunywa bwawani Manchira hadi tumbo linakuwa ngoma, kisha hakuna dume la jirani linalothubutu kulisogelea. Nikaona siri ndiyo hiyo. Mama aliniwekea uji wa chumvi, nikaukataa, nikabugia maji matupu, zaidi ya nusu ya dumu la lita tano. Wahenga walishasema, ukiiga tembo kunya utapasuka msamba.

Kilometa ya sita ya mchujo kichwa kikagonga, nikatapika, nikamwona mpinzani wangu Marwa akiwa wawili, na wote wananipita.

Nesi wa zahanati alinitazama kwa huruma kidogo sana. "Figo hutoa maji yaliyozidi, lakini wewe umezimwagia mengi kuliko zinavyoweza. Jasho nalo limeondoka na chumvi. Damu yako sasa ni kama mchuzi wa maharage ya shule."

Mama, aliyenifuata zahanati, akauliza polepole, "Mwita, kabla ya bwawani, dume huwa nalilambisha nini?"

"Chumvi, mama."

"Basi umeliiga nusu."

Hilo liliniuma kuliko kichwa.

Wiki mbili baadaye mwalimu akarudia mchujo. Nilikunywa uji wangu wote, na maji nikayanywa kwa mafunda, kiu iliponiita. Kwenye kilima cha mwisho Marwa akanitania, "Leo hujabeba bwawa?" Nilimjibu kwa visigino, akavisoma hadi kwenye utepe. Nilishinda, mwanangu! Shule nzima ilinibeba juu juu.

Kwa hiyo sikia la mkubwa mwenye ndevu nne. Usikimbie na kiu, wala usijigeuze dumu. Mwili una mizani yake ya maji na chumvi. Ukitoka jasho jingi, rudisha vyote viwili, kwa kiasi. Mungu akupe figo zenye subira na miguu isiyokatika njiani.

Nilipofika nyumbani na ushindi wangu, mama alinishika kichwa, akacheka hadi machozi, akasema: "Hongera, dume langu. Sasa wapeleke wenzako wa zizini bwawani, wana kiu."