Nilipokuwa Mke wa Mzee Maduhu

Harufu ya michembe inayochemka pamoja na karanga haina adabu hata kidogo. Haipigi hodi. Juzi mke wa mwanangu aliinjika hapa nyumbani kwetu Shinyanga mjini, nami nilikuwa nimejilaza mchana. Viazi vile vikavu vilipoanza kulainika na karanga kutoa mafuta, niliamka nikiwa kijijini kwetu Samuye, miguu peku, bakuli mkononi, nampelekea mume wangu chakula.

Usishtuke, msomaji wangu. Mume huyo alikuwa babu yangu mzaa baba, Mzee Maduhu, na mimi nilikuwa msichana niliyeng'oka meno ya mbele. Kwetu Usukumani jina la marehemu halitupwi. Nasimuliwa kwamba nilipozaliwa nililia mfululizo na ziwa nikalikataa. Wazee wakaanza kunitajia majina ya wahenga, moja baada ya jingine, na walipofika kwa Minza, mke wa babu aliyekuwa amefariki kabla sijazaliwa, nikanyamaza na kunyonya. Shauri likaisha hapo. Nilikuwa Minza, na Minza alikuwa amerudi kwake.

Basi baba yangu, Ngasa, aliniita "mayu", yaani mama, tena bila kutabasamu. Shangazi Holo, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na kila alipotaka kunichapa alitazama kwanza kama babu yuko mbali, maana nani amchape mama yake mzazi? Siku za kupanda, mbegu za kwanza zilitoka mkononi mwangu. Babu hakugusa chakula mpaka nimwekee mwenyewe, na akilalamika kwamba michembe ina majivu, nilimwambia atafute mke mwingine. Alicheka hadi ugoro ukamwagika. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nililelewa kama bibi mwenye mji, na nikakua hivyo hivyo, mdomo mbele.

Mwaka ule baba alikuwa ameondoka kwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na neno la mwisho pale nyumbani likawa la babu. Ndipo katekista mmoja aliyeitwa Yosefu, Msumbwa kutoka magharibi, alipojenga kanisa la udongo na nyasi karibu na kwetu. Nilivutwa na nyimbo, nikabaki kwa sababu ya maswali. "Mungu ameanza lini?" Yosefu anauliza. "Hana mwanzo!" tunaitikia. "Ataisha lini?" "Hana mwisho!" Wenzangu waliimba hivyo, wakatoka kwenda kutafuta mbuzi zao. Mimi maneno yale yalinifuata mpaka kwenye kinu.

Nilikuwa nikitwanga mtama nikaanza kuyapima. Mchi ukiwa juu, kishindo kilichopita hakipo tena na kinachokuja bado hakijawa. Sasa iko wapi? Nikasema "sasa" kwa sauti, na kabla sijafumba midomo ilikuwa imekwisha kuwa zamani. Nikasema tena, haraka zaidi. Ikanikimbia tena. Shangazi Holo alinikuta nimesimama na mchi hewani, nabwata "sasa, sasa, sasa", akaniuliza kama nimekula matango mwitu. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimepata jambo kubwa na nililijua kuwa ni kubwa. Hata leo naona nilikuwa sahihi.

Waliobatizwa walichukuliwa kwenda misheni kubwa, kwa masista, wakafundishwa kusoma na kuandika. Nilikuwa nimemwona Yosefu akitazama karatasi na kutoa humo maneno ya watu waliokufa zamani, na nilitaka uwezo ule kuliko nilivyotaka nyama. Masharti yalikuwa mawili: ufaulu mtihani wa padri, na mzee wa nyumbani kwenu akubali.

Padri alikuwa Mzungu mwenye ndevu na kiko, na watu walimpachika jina la Padri Subiri, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alianza na neno hilo. Alikuja kwa baisikeli, akatuita mmoja mmoja. Aliniuliza sala, nikazitiririsha. Aliniuliza milele ni nini. Nikamwambia ni mchi usiopanda wala kushuka. Akakitoa kiko chake mdomoni, akanitazama, akataka kujua nani amenifundisha. Nikasema kinu. Nilijiona nimekwisha kufika misheni.

Swali la mwisho aliwauliza wasichana wote, kwa vile wengi waliposwa wangali wadogo. Yosefu alikuwa ametoka nje kumwita mwingine, hivyo hapakuwa na wa kutuokoa.

"Umeposwa?"

"Nimeolewa," nikajibu kwa fahari.

"Umeolewa! Na nani?"

"Na Mzee Maduhu."

Akaniuliza, taratibu kabisa, kama huyo mzee ananitendea vema. Nikamwambia ananipenda sana, ila analalamikia majivu. Padri alivaa kofia yake, akapanda baisikeli bila kusema "subiri" hata mara moja.

Nilikimbia nyuma yake, na Yosefu nyuma yangu. Tulipofika, padri alikuwa amesimama ndani ya ua wa minyaa, uso umemwiva, anamsomea babu mashitaka kwa Kisukuma chake cha kuchechemea. Babu alisikiliza kwa heshima mpaka alipoelewa anatuhumiwa nini. Hapo alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili akacheka, akakohoa, akacheka tena. Yosefu akaeleza desturi yetu huku akihema. Padri naye akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa moyo mmoja, na Shangazi Holo akaleta kigoda na maziwa ya mgando.

Mambo yangekwisha vizuri kabisa. Lakini padri, kwa furaha ya kuona sina kizuizi, alisema, "Basi mpe ruhusa, mzee. Tutambatiza, naye atapewa jina jipya."

Kicheko kikakatika. Habari ya jina babu hakuwa ameisikia.

"Jina jipya," alisema. "Na Minza aende wapi?"

"Mzee, mkeo amefariki. Huyu ni mtoto mwingine."

"Amefariki, najua. Mimi ndiye niliyemzika. Nakuuliza yuko wapi."

Padri akajibu kwamba kilichopita kimepita, hakipo tena. Babu akanyoosha kidole kwenye kihenge. "Mvua ya mwaka jana je? Nayo haipo? Basi mtama ule umeletwa na mvua gani?"

"Subiri," padri akasema, akawasha kiko. Hakukasirika. Nilimwona anafurahi, kama mtu aliyesafiri mbali akakutana na anayekijua kijiji chao. Akamweleza babu kwamba zamani za Warumi, katika pwani ya kaskazini ya Afrika hii hii, alikuwako askofu aliyesumbuliwa na neno hilo hilo. Askofu yule aliona kwamba jana haipo, kesho haijawa, na leo haishikiki. Akatafuta yaliyopita yanakaa wapi, akayakuta ndani ya moyo wa anayekumbuka, yamehifadhiwa humo. "Kihenge ni moyo wako, mzee," padri akasema. "Minza yumo humo, hayumo katika jina. Hakuna atakayekunyang'anya."

Mimi nilisisimka mwili mzima, kwa maana Mwafrika mwenzangu alikuwa ameikimbiza "sasa" kabla yangu. Babu hakusisimka. Alikuna goti.

"Na siku moyo huu utakaposimama?"

Padri akakishusha kiko.

"Nikifa mimi, Holo atamkumbuka kidogo," babu akaendelea. "Holo naye akifa, basi. Lakini msichana huyu akiitwa Minza, na wajukuu wake wakaitwa Minza, yuko."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba babu anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa. Mtu huyu alikuwa amemuua fisi kwa mkuki zizini.

"Yuko mmoja asiyesahau," padri akasema kwa upole. "Kwake yeye jana na kesho zote ni leo. Naye anamjua Minza."

"Huyo mimi bado sijamjua. Huyu namjua." Akanionyesha mimi. "Hapana, rafiki yangu. Haendi."

Padri aliinamisha kichwa, akachukua kofia. Hakutaka kumlazimisha mzee nyumbani kwake, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Lakini mimi niliona kusoma kwangu kunapanda baisikeli na kuondoka. Nikasimama katikati ya ua. Nikashika kiuno kwa mikono miwili, kama nilivyodhani bibi mwenye mji anapaswa kusimama, na nikapaza sauti.

"Maduhu! Nyamaza! Minza ni mimi, na mimi ndiye ninayesema. Mtoto aende!"

Shangazi Holo alijiziba mdomo. Yosefu alitazama chini. Babu alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mgeni kwa mbali njiani na anajaribu kumtambua. Kisha akainamisha kichwa.

"Mwenye mji amesema," akajibu. "Na aende."

Lo, nilivyojivuna! Nilikuwa nimemnasa babu kwa mtego wake mwenyewe. Kama mimi ni Minza, basi amtii Minza. Kama mimi si Minza, basi jina halina neno. Nilidhani hata yule askofu wa kaskazini angenipigia makofi.

Asubuhi nilimpelekea bakuli lake. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mjukuu wangu." Hakuwahi kunitamkia hivyo. Na tangu siku hiyo hakuniita mke wake tena. Hakulalamikia majivu. Nilidhani amenuna, nikasubiri mnuno uishe, haukuisha, ingawa alikuwa mpole kwangu kuliko zamani. Alinisindikiza misheni kwa miguu. Padri alinibatiza Perpetua, akamwambia babu kwamba maana yake ni asiyekoma. Babu akalijaribu mdomoni, akapata "Pelepetuwa", akatikisa kichwa, akasema ni jina zito lakini litabebeka. Alifariki nikiwa bado kwa masista.

Miaka ilipita nikawa mwalimu. Sista mmoja aliniazima maandiko ya yule askofu, nikayasoma jioni baada ya jioni, na nikaona padri wetu alikuwa ameyasimulia kwa haki. Likizo moja nilirudi Samuye nikiwa na majivuno yangu yote, nikamkuta Shangazi Holo, mzee sasa, macho yamefifia. Nikamkumbusha jinsi nilivyomshinda babu kwa kinywa cha Minza.

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe mtoto! Mama yangu hakumwita baba 'Maduhu' hata siku moja. Mke gani amwite mumewe kwa jina lake tupu, tena mbele ya wageni? Alimwita Baba Ngasa, hata akiwa na hasira. Na kumwambia anyamaze? Thubutu!"

"Kwa hiyo babu alijua?"

"Alijua kwa neno la kwanza. Nasi sote tulijua. Nilijiziba mdomo nisicheke, halafu nikamwona uso wake, kicheko kikaniishia."

Nilikaa chini palepale, kwenye udongo, na nguo zangu za ualimu. Nikalia, na sioni haya kulisema. Kumbe babu hakumtii Minza. Nilipofungua mdomo wangu aliona kwa mara ya kwanza kwamba mkewe hakurudi, na kwamba aliyesimama mbele yake ni mtu ambaye hajapata kuwako, mwenye sauti yake na haja yake. Angeweza kunikanusha mbele ya wote. Badala yake alimzika mkewe mara ya pili, kimyakimya, na akaipa ruhusa yake jina la mwenye mji ili nitoke pale kichwa juu.

Askofu yule amenifundisha mengi kuhusu jana na kesho, na nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Lakini kwamba mimi ni mimi, aliyetangulia kulijua ni Mzee Maduhu, na alilijua kabla yangu.