Hewadi wa Bahati

Jina letu la ukoo ni Hayward, ingawa huku kwetu Bahati, karibu na Nakuru, hakuna anayelitamka hivyo. Sisi ni akina Hewadi. Tangu utotoni nimeulizwa kama sisi ni machotara. Hapana. Babu aliwahi kuajiriwa na mzungu mwenye jina hilo, na marehemu baba hakutueleza zaidi ya hapo.

Baada ya kumzika baba, kaka yangu aliniambia amechoka kubeba jina la mtu aliyemtumikisha babu yetu. Alikuwa ameshamwona wakili mjini Nakuru, na alitaka sote wawili tuchukue jina la babu mwenyewe. Sikupinga. Nilimwomba tu twende kwanza kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki kati ya waliozaliwa kwenye shamba la mzungu huyo.

Shangazi alimsikiliza kaka hadi mwisho, kisha akasema mzungu hakuwapa jina hilo. Walipewa na majirani. Kazi ya babu ilikuwa kulinda ua wa seng'enge uliozunguka ngano. Ng'ombe wa maskwota, yaani vibarua walioishi kwenye shamba hilo, wakiingia, aliwakamata na kuwafungia kwa mzungu, na mwenye ng'ombe hakurudishiwa mpaka afanye kazi ya bure. Siku moja alimkamata ng'ombe wa ndugu yake wa tumbo moja. Hapo ndipo watu walipoanza kumwita Hewadi, yaani huyu si mwenzetu tena. Shangazi akienda shule, watoto wengine walimfuata nyuma wakilia kama ng'ombe. Mwalimu naye aliandika jina alilolisikia likiitwa.

Kaka aliaga, tukatoka mpaka barabarani. Aliniambia kwamba sasa ana sababu mbili za kuliacha.

Mimi nilibaki nikilifikiria jina lenyewe. Wiki hiyo nilitafuta habari zake kwenye simu. Nilisoma kwamba zamani sana huko Uingereza lilikuwa jina la kazi, kabla halijawa la ukoo. Nusu yake ya kwanza ni ua, ya pili ni mlinzi. Alikuwa mtu wa kijijini aliyezuia mifugo isiingie kwenye mazao, na iliyoingia akaikamata. Watoto wake wakabaki na jina hata kazi ilipokwisha. Nilirudia kusoma ili niwe na hakika. Mzungu yule, ambaye shamba lake lilipanda mpaka kwenye msitu, ukoo wake ulikuwa umeanzia kwa mlinzi wa ua.

Nilirudi kwa shangazi peke yangu nikamweleza.

"Na majirani walimpenda mtu huyo?" akauliza.

"Sidhani, shangazi."

"Baba yangu, babu yenu, alikuwa akikohoa," akasema. "Kabla hajafika kwa ua, anakohoa kwa nguvu. Mwenye kusikia anatoa ng'ombe wake haraka. Na hakuwa na shida ya kifua. Alikuwa mzima kabisa."

Nilimuuliza mbona hakumwambia kaka. Alisema kaka aliuliza jina limetoka wapi, hakuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

Nilimpigia kaka simu nikamweleza habari ya kikohozi. Alitaka kujua kama babu alikohoa pia siku ile ya ng'ombe wa ndugu yake. Sikujua, na shangazi nilipomuuliza alisema naye hajui, hakuwapo.

Kaka alibadilisha jina, na watoto wake pia. Simlaumu. Mimi nilibaki Hewadi, si kwa ajili ya mzungu, bali kwa sababu ya mtu aliyetembea kando ya seng'enge akikohoa, akitumaini kuwa anasikika. Wageni wakituuliza imekuwaje watoto wa baba mmoja wana majina mawili ya ukoo, kila mmoja wetu hueleza kivyake, na mwenzake hamkatizi.