Majasi ya Karatasi ya Bi Mwanatumu

Zama zetu, sisi tuliokulia Kibokoni miaka ya sitini, karatasi haikuwa takataka. Juzi mjukuu wangu Nasra alinijia na herini za karatasi alizonunua dukani, zimefungwa kijikadi kinachoeleza kwa fahari kwamba zimetengenezwa kwa vitu vilivyotupwa. Akanifafanulia polepole, kama amfundishaye mtoto, kwamba huu ndio mtindo mpya duniani. Nikamwambia mashaallah, hongera. Sikutaka kumharibia raha yake kwa kumwambia kwamba shangazi yangu aliifanya kazi hiyo kabla mamake Nasra hajazaliwa, na bila kijikadi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Wavulana walikusanya miswaki ya plastiki iliyochakaa, wakaing'oa nywele, wakaichovya katika maji ya moto hadi ikalegea, kisha wakaikunja ikawa pete na bangili. Mswaki mwekundu uligombewa hadi watu wakanuniana wiki nzima. Sisi wasichana tulitunga mikufu kwa mbegu za tikiti, na aliyebahatika kupata waya wa shaba alijifanya bibi arusi mpaka mkono ukageuka kijani. Senti tano za wakati huo zilikuwa na tundu katikati, na siku niliyozitunga tatu nikazivaa shingoni mamangu alinivua papo hapo, akasema pesa zaenda dukani, haziendi matembezini.

Lakini fundi hasa wa mtaa wetu alikuwa Bi Mwanatumu, dada mkubwa wa babangu, tuliyekaa naye nyumba moja. Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Athumani, aliyekuwa fundi wa malori kule Makupa. Shangazi alikunja majasi ya karatasi, yale mapambo ya duara ambayo mabibi zetu waliyapachika kwenye ndewe za masikio. Wajukuu zangu wakitoboa tundu la tatu hujiona wamefanya ushujaa, hupiga picha wakawatumia rafiki zao. Bibi zetu walikuwa na matundu saba, manane kila sikio, na la chini limepanuka kiasi cha kupitisha kidole gumba. Hawakumtumia mtu picha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Shangazi alikata karatasi za rangi vipande virefu vyembamba, akaanza kuzungushia kwenye njiti ya ufagio: nyekundu, kisha ya fedha, kisha kijani, kisha nyekundu tena, huku akipaka gundi ya unga wa ngano iliyopikwa mpaka ikashika. Akimaliza alichomoa njiti, akasugua uso wa jasi kwa kauri hadi ukang'aa. Ukiangalia kwa mbele uliona duara ndani ya duara, rangi zimefuatana kama zimepigwa mstari. Karatasi zote zilikuwa za kuokota: nembo za majora ya vitambaa kutoka maduka ya Wahindi, pakiti za majani ya chai, karatasi za fedha za sigara, kalenda za mwaka uliopita. Mwokotaji mkuu nilikuwa mimi. Niliyajua majaa ya mji kuliko paka.

Alikuwa na sharti moja tu. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu haikuingia kikapuni mwake. Nyinyi mliosoma Kurani chuoni mwajua sababu. Kwetu herufi zile zilikuwa za msahafu, hatukujua kama zina kazi nyingine yoyote duniani. Ukiiona karatasi ya namna hiyo imeanguka njiani uliiokota, ukaibusu, ukaitia kwenye tundu la ukuta isije ikakanyagwa. Na karatasi iliyoandikwa Kiarabu, ikakunjwa, ikavaliwa mwilini, hiyo sisi tuliijua kwa jina moja tu: hirizi.

Mwaka huo Bi Rukia wa Kuze alikuwa akimwoza bintiye Maryamu. Mji mzima ulijua kwamba Athumani wetu alikuwa amemposa Maryamu mwaka mmoja kabla na akakataliwa, kwa adabu lakini akakataliwa. Hata hivyo Bi Rukia alimwagizia shangazi majasi ya arusi, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine wa kulingana na wake. Shangazi akayapokea maagizo bila kinyongo. Alisema arusi haina adui, ina wageni tu.

Nami nilikuwa na miaka kumi na moja na kiburi cha miaka hamsini. Nilikuwa nimejifunza kukunja kwa kumtazama, na nilitaka bibi arusi avae kazi ya mkono wangu. Nyuma ya bohari moja karibu na bandari ya kale niliokota furushi la karatasi ambazo sikuwahi kuona mfano wake: upande mmoja dhahabu tupu, upande wa pili maandishi ya Kiarabu ya kijani. Nilijua sharti. Lakini mtoto akitaka jambo huwa mwanachuoni. Nikajitolea fatwa kwamba maandishi yakikaa ndani na dhahabu nje, hakuna atakayeona, na lisiloonekana halina kosa. Nikakunja jozi moja kwa kujificha darini, na kwa haraka nilizokuwa nazo gundi sikuipika, nikaikoroga tu kwa maji baridi. Siku ya kupeleka kikapu kwa Bi Rukia nilitoa jozi moja ya shangazi, nikatia yangu.

Siku ya singo, bibi arusi aliposuguliwa na kufukizwa, chumba kilijaa wanawake, moshi wa udi na mvuke wa maji ya moto. Maryamu alikuwa amejaribishwa majasi yake yote, na jozi ya dhahabu ndiyo iliyowekwa kwenye ndewe, mahali pa heshima. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa, moyo umenijaa. Nikaliona jasi likianza kulegea. Likajikunjua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, likaning'inia hadi begani, kisha likaangukia mapajani pa bibi arusi, upande wa maandishi juu.

Somo wake, kungwi aliyemfunda, aliliokota, akalitazama, akalitupa kama limemuunguza. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Jasi la karatasi iliyoandikwa, limekunjwa kwa siri, limetoka kwa mama wa kijana aliyekataliwa. Bi Rukia alimgeukia shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka miongoni mwa wageni, akamwuliza kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele.

"Mwanatumu, mwanangu umemfunga kwa n'ni?"

Shangazi aliiokota ile karatasi. Aliigeuza huku na huku, akaipitishia kidole mahali pa gundi. Kisha akasema, "Kikapu kimetoka nyumbani kwangu, Rukia. Lakini sikumfunga mtu." Akajitanda buibui lake, akatoka.

Nilikuwa na la kusema na sikulisema. Nilibaki na sinia mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Kabla ya magharibi wanawake walikuwa wameanza kurudisha majasi. Hawakubisha hodi. Waliyaacha kwenye baraza yetu, mengine yamefungwa kwenye leso, mengine yamemwagwa tu, hata yale yaliyovaliwa miaka mitano bila kumdhuru mtu. Athumani alipita msikitini akaona watu wakisogea mbali naye, akarudi nyumbani mapema. Bi Rukia akapeleka habari kwamba nikahi haisomwi mpaka ijulikane kimeandikwa nini, na hakuna aliyethubutu kusoma. Tena wengi tusingeweza hata tungetaka. Sisi tulijifunza kusoma kwa irabu, na karatasi ile haikuwa na irabu hata moja, kwa hiyo ilizidi kuogopesha. Shangazi aliyakusanya majasi yake kimya kimya, akayapanga kwa ukubwa kwenye kikapu. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya leso, na nilitamani ardhi inimeze. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na jina lake ndilo lililokuwa likiiuza kazi.

Asubuhi nilimwahi Maalim Sudi chuoni kabla wenzangu hawajafika. Maalim alikuwa mtu wa bakora nyepesi na uso mzito. Nikamwekea furushi lililobaki mbele yake, nikamweleza yote huku nikilia. Alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia pia.

"Hii ni sabuni," alisema alipopata pumzi. "Sabuni ya kufulia. Yasema yatoa doa bila kuharibu nguo."

Aliniuliza kama nataka nimfuate kwa Bi Rukia nikaseme mwenyewe. Nikatikisa kichwa. Aliniuliza kama anitaje. Nikatikisa kichwa tena, na nikamshika kanzu. Maalim akasema haya, amana hiyo ni yako, siku ukiichoka uitue.

Akaenda peke yake, akaomba ile karatasi iliyoanguka, akailinganisha na nyingine mbele ya watu barazani, akawasomea yote, neno kwa neno, pamoja na onyo la kutoiacha sabuni ikalowa. Walioshuhudia walisema Bi Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Alikwenda mwenyewe kumwomba shangazi radhi, akamletea halua. Nikahi ikasomwa siku yake na Maryamu akaolewa kwa vigelegele. Kwa hiyo mambo yaliisha vizuri, kama yanavyoisha mambo ya watu wazima wenye adabu.

Ila watu walibaki na swali moja, na jibu wakajitungia: mama wa watu hajui kusoma, ameokota karatasi ya sabuni jaani akaiona dhahabu. Tangu siku hiyo mji ulimwita Bi Sabuni. Hawakumaanisha ubaya. Watoto walimwita hivyo kwa mapenzi, wauza samaki walimwita hivyo, na yeye aliitika. Yeye aliyekuwa na sharti moja tu maishani mwake, na alilishika, akaitwa kwa kosa la kuliacha. Kila nilipolisikia jina hilo nilitazama pembeni.

Nilipoolewa mimi, wasichana walikuwa wamehamia herini za dukani na majasi yalivaliwa na wazee tu. Shangazi alinikunjia jozi moja hata hivyo. Macho yalikuwa yamepungua nuru lakini duara zilikuwa zimenyooka vile vile. Akanipachika mwenyewe, akanishika kidevu.

"Haya n'meyakunja miye," alisema. "Yavae, mwanangu. Hayatafunguka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua. Alijua tangu alipopitisha kidole kwenye ile gundi mbichi mbele ya wanawake wote, na angeweza kunyoosha mkono pale pale akanionyesha mlangoni na sinia yangu. Nilifungua mdomo nimwambie. Wakaingia wapambaji na vigelegele, nikaufunga.

Aliishi miaka ishirini mingine, nyumba mbili kutoka kwangu. Nilimpelekea futari kila Ramadhani, nilimkanda miguu, nilimsomea barua za Athumani. Neno lile sikumpa. Kila siku niliona kesho ina nafasi.

Vijana wa leo wakikoseana huombana radhi kwa simu, kwa kidole gumba, wakatia na kikatuni kinacholia, kisha wakaendelea kula. Nasra alifanya hivyo juzi tu, amekaa papa hapa karibu yangu, na mimi nilizoea kuwacheka sana. Siku hizi nacheka kidogo. Maana wao, pamoja na vikatuni vyao, huomba.